Mistari Iliyojirudia

Nimefanya kazi na kompyuta zaidi ya nusu ya umri wangu, na hadi leo sijapata kitu ninachokidharau kuliko faili la PDF. Kinachofuata kwa karibu ni jedwali la kompyuta, lile lenye vyumba vyumba kama daftari la hesabu la mtoto wa shule. Watu huniambia hivyo ni vyombo tu, havina kosa. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa wiki tatu wakijaribu kuvisemesha. Mimi nilikaa, Kwale, mwishoni mwa miaka ya tisini, na dharau yangu imeanzia hapo. Sehemu ya dharau hiyo naistahili mimi mwenyewe, na nitaifikia.

Nilikuwa nimemaliza chuo Mombasa, nimejifunza kuandika programu, nimerudi nyumbani Tiwi na cheti na kiburi kisichopungua cheti. Kijijini watu waliniita yule wa kompyuta. Jina langu halisi, ambalo ni la bibi yangu mzaa baba, lilibaki la kuitiwa chakula. Kisha shirika moja la macho likafungua ofisi Kwale, chumba kimoja nyuma ya duka la mabati, likaniajiri. Nilipewa meza, kompyuta, printa ya kelele iliyosikika hadi sokoni, na mkubwa mmoja kutoka bara aliyevaa tai hata siku za jua kali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na imani na kompyuta kama aliyonayo mtu ambaye hajawahi kuitumia.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Shirika lilipanga kambi ya macho ya wiki moja katika madarasa ya shule moja mbele ya Msambweni, watoto wakiwa likizoni. Madaktari wangekuja kutoka mbali kuwatoa watu mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaowafunga wazee macho. Wasajili walikwisha kuzunguka vijijini na fomu za karatasi. Waliandika namba ya mtu, jina lake na la babake, umri, kijiji, jicho lipi, na anachohitaji: upasuaji au miwani. Fomu zikapelekwa Nairobi kuchapwa. Mimi nilitakiwa kutoa orodha ya nani aje siku gani. Asiyekuwemo kwenye orodha hangepasuliwa, kwa kuwa vifaa vya upasuaji vililetwa kwa idadi kamili, kila mgonjwa na pakiti yake yenye jina lake.

Orodha ikaja kutoka Nairobi kwa disketi tatu ndani ya bahasha ya kaki. Nikafungua ya kwanza. Ilikuwa PDF.

Kwa asiyejua, na heri yake, PDF ni picha ya karatasi inayojifanya maandishi. Ukiitazama kwenye skrini unaona safu zimesimama sawasawa, jina hapa, umri pale, kijiji kule. Ndani yake hamna safu wala mstari. Mna herufi tu, kila moja imeambiwa ikae wapi kwenye ukurasa. Haijui kwamba jina hili na umri ule ni vya mtu mmoja. Haijui kama kuna mtu. Imeumbwa ili itazamwe, basi, na ukithubutu kuiuliza swali inakutemea herufi usoni.

Nikapiga simu Nairobi. Nikamwuliza aliyepokea, kwa heshima zote za pwani, orodha hii mliichapa ndani ya nini?

"Kwenye spreadsheet," akasema.

"Basi nitumie hiyo hiyo."

"Hapana, madam. Spreadsheet mtu anaweza kubadilisha. PDF ndiyo final."

Nikabaki nimeushika mkono wa simu. Walikuwa na jedwali. Wakaligeuza PDF. Sasa wananitumia PDF niigeuze jedwali. Ni sawa na mtu kukupakulia bokoboko, kisha akakuomba umrudishie ngano yake nzima nzima. Nilipomweleza mkubwa wangu, akalegeza tai kidogo akasema, "Si u-convert tu? Hiyo ni kitu ya dakika tano."

Dakika tano! Programu yangu ya kwanza ilitoa majina yote, la kwanza hadi la mwisho, kisha umri wa wote, kisha vijiji vya wote. Nikasema si neno, nitaunganisha, jina la kwanza na umri wa kwanza, la pili na wa pili. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kinondo, niliyemfahamu vizuri, akatokea na miaka tisa. Mtoto wa Kinango akapata themanini na miwili. Siku mbili nzima nilitafuta kosa langu, na kosa halikuwa langu. Wazee wetu wengi hawakujua mwaka waliozaliwa. Ukimwuliza bibi umri wake atakwambia alikuwa msichana wa kujifunga leso barabara ilipokatwa, na mwaka wa barabara nao haujui. Msajili akaacha wazi. Kwenye karatasi mahali pa wazi panaonekana kuwa pa wazi. PDF haina habari na mahali pa wazi. Umri wa chini ukapanda juu kujaza pengo, na kila mzee asiyejua umri wake akawavuruga wote waliomfuata.

Nikaandika upya. Safari hii nilisoma mahali pa kila herufi kwenye ukurasa na kukisia mstari wake, kazi ya kuhesabu punje za mchanga. Umri ukarudi kwa wenyewe. Lakini majina marefu yaligonga ukingo wa safu yakakatika, nusu ikashuka chini, na kompyuta ikajipatia mtu mpya asiye na kijiji wala jicho. Watu hao nikawarekebisha mmoja mmoja kwa mkono, mamia yao. Safu ya jicho niliikatia tamaa mapema. Msajili mmoja alikuwa ameandika K tu kwa kila mtu, na ukimwuliza ni kulia au kushoto anakwambia mwenye jicho anajua.

Kisha nikaingia mikononi mwa jedwali, nikaitamani PDF. PDF ni jinga lakini limetulia. Jedwali ni jinga lenye kiherehere. Namba za usajili ziliandikwa kwa akili kabisa: kijiji, kistari, mtu. 3-12 ni kijiji cha tatu, mtu wa kumi na mbili. Nilipozimimina ndani ya jedwali, jedwali likashangilia kwamba hizo ni tarehe. 3-12 ikawa tarehe tatu Desemba. 1-40 ikawa Januari 1940. Nani alikutuma? Nani alikuuliza? Nilipoliamuru lirudishe nilichoandika, likanipa namba ndefu isiyofanana na chochote, nami nikagundua kwamba nilichoandika halikukiweka kabisa. Aliyelibuni aliamini kwamba hapa duniani hakuna mtu anayeandika kistari isipokuwa ana miadi na daktari wa meno. Niliambiwa baadaye kwamba ukilionya mapema, kabla ya kuweka kitu, linanyamaza. Mapema ilikuwa imepita, na mamia ya mistari niliyonyoosha kwa mkono nisingeyarudia hata kwa fimbo. Nikaziacha namba zife.

Hapo ndipo kosa langu linapoanza, na sitamtwika mtu mwingine.

Orodha ilikuwa na mistari iliyojirudia. Wachapaji wa Nairobi walipokezana kurasa, na kila aliyeanza ukurasa alirudia mistari miwili mitatu ya ukurasa uliotangulia, mara nyingine bila kujisumbua kuandika umri. Ilibidi marudio yaondolewe, la sivyo mtu mmoja angeshika pakiti mbili. Ukiwa na namba ya usajili hiyo ni kazi ndogo. Mimi sikuwa nayo, nilikuwa na miadi ya Desemba. Kwa hivyo niliandika mistari minne ya programu, ambayo naikumbuka kama Fatiha. Jina likiwa sawa, na jina la baba sawa, na kijiji sawa, na umri sawa au mmoja wao hana umri, basi ni mtu yule yule. Mweke wa kwanza. Mfute wa pili.

Niliipenda ile mistari. Ilikuwa mifupi, safi, ya mtu aliyesoma. Nikaibonyeza asubuhi moja kabla ya chai, na watu thelathini na saba wakatoweka. Nikawakagua kumi wa mwanzo kwenye karatasi za PDF nilizozitoa kwa printa, nikakuta wote kweli ni marudio. Ishirini na saba waliobaki sikuwakagua. Nilikwenda kunywa chai.

Mkubwa wangu alifurahi sana. Orodha ikapelekwa Nairobi, ikapitishwa, ikarudi na muhuri. Ilirudi ikiwa PDF.

Wiki ya kambi ilifika. Niliwekewa dawati la darasa la tatu, magoti yakigonga ubao, printa pembeni na jenereta nje ya dirisha. Mlangoni alisimama karani, mtu wa Msambweni mwenye sauti nzuri ya kuita, akisoma majina kutoka kwenye karatasi zangu. Siku nne mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba nilianza kujisifu. Wazee waliingia wakishikwa mikono, wakatoka na jicho limefungwa bandeji, na kesho yake bandeji zikafunguliwa. Mzee mmoja alitazama viatu vyake muda mrefu, kisha akauliza kwa hasira ni nani aliyemnunulia viatu vya rangi ile.

Siku ya tano, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya upasuaji, karani aliita jina moja na la babake, na kijiji kimoja cha upande wa Shimoni.

"Abee!" Zikaitika sauti mbili kwa pamoja.

Walikuja wameshikana mikono, bibi kizee wa leso za rangi ya samli, macho yake meupe kabisa, na mwanamke wa miaka kama thelathini aliyemwongoza asijikwae kwenye kizingiti. Karani akacheka. "Mbona mwaitika wawili? Nimeita mmoja."

"Huyu somo yangu," bibi akasema. "Kaitwa jina langu mimi. Utatuita vipi basi? Soma sawasawa, tuko wawili humo."

Nilielewa kabla karani hajarudi kutazama karatasi. Bibi huyu alimpa mwanawe wa kiume jina la babake mwenyewe. Mwanawe alipopata binti, akampa jina la mamake. Bibi na mjukuu wakawa na jina moja, baba zao wana jina moja, na wote kwao ni nyumba moja. Hakuna kijiji cha pwani yetu kisichokuwa na watu wa namna hii, na watu hao huitana somo, na huoneana fahari. Mjukuu alikuwa na umri kwenye orodha. Bibi hakujua umri wake.

"Yumo mmoja," karani akasema pole pole. "Miaka ishirini na tisa. Miwani."

Mjukuu alikuwa mshonaji wa mapazia katika hoteli moja ya Diani. Siku ile wasajili walipofika kijijini alikuwa nyumbani kwa likizo, akampeleka bibi yake kuandikwa, na akajiandikisha na yeye kwa kuwa uzi ulianza kumpotea kwenye tundu la sindano. Aliandikwa wa kwanza kwa sababu ndiye aliyetangulia mbele akimshika bibi mkono. Mweke wa kwanza, mfute wa pili.

"Basi mpeni yeye nafasi yangu," akasema. "Jina si ni lake pia? Mimi miwani si kitu."

Lakini nafasi ya miwani haina pakiti ya upasuaji. Nikamwita mkubwa wangu. Nikamwambia mimi ndiye niliyemfuta huyu mama, naomba nimwandike kwa kalamu. Akaangalia karatasi, akaangalia kalamu yangu. "Madam, list imepitishwa. Ni PDF." Nilimwambia neno ambalo sitaliandika hapa, na tai yake nikaitaja. Alikwenda mwenyewe kwa daktari, na nikamwona kupitia dirishani wakipekua sanduku pamoja, pakiti moja moja, wakisoma majina. Alirudi akitikisa kichwa. Kila iliyobaki ilikuwa na mwenyewe, na wenyewe walikuwa wamekaa kwenye foleni. Madaktari wangeondoka kesho yake.

"Mwakani," akamwambia bibi, kwa sauti ya chini. "Kompyuta ilikosea, mama. Pole sana."

Ningeweza kuliacha hapo. Kompyuta ilikosea: watu wote pale darasani walilikubali, hata mjukuu alilikubali, na mimi nilikuwa na wiki tatu za chuki halali ya kulitetea. Nilitoka nikamfuata bibi kwenye benchi la nje alikokaa akisubiri mjukuu apimwe miwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa ile mashine?"

"Ndimi. Bibi, mashine haikukosea. Nilikosea mimi. Niliona majina mawili yamefanana, nikadhani ni mtu mmoja, nikalifuta moja."

Alinyoosha leso yake magotini. "Watu wananiambia huyu somo yangu amenichukua sura," akasema. "Kila mtu anasema. Mimi nilimwona mwisho ana meno ya utoto. Nilitaka nione kama ni kweli, au wananifurahisha tu."

Nilikaa kando yake kwenye benchi.

"Na wewe waitwa jina la nani?" akaniuliza.

"La bibi yangu mzaa baba."

"Mlikuwa mkikaa naye?"

"Nyumba moja."

"Likiitwa jina, aliitika nani?"

"Sote wawili."

"Basi ulikuwa wajua," akasema. Hakulisema kwa ukali. Mjukuu akatoka na karatasi ya vipimo, wakaondoka wameshikana mikono kama walivyokuja, nami nikarudi kwenye dawati la darasa la tatu na kumaliza orodha ya siku. Nimetukanwa na wakubwa wengi tangu siku ile, na hakuna aliyenifikia pale aliponifikia yule bibi.

Nilirudi Kwale nikawakagua wale ishirini na saba kwa karatasi. Ishirini na mmoja walikuwa marudio ya kweli. Sita walikuwa watu. Watano kati yao hatukuwahi kuwaona, labda waliambiwa vijijini kwamba hawamo, wakakaa kwao kwa adabu.

Mwaka uliofuata kambi ilirudi palepale. Nairobi walipotuma disketi zao nilizirudisha ndani ya bahasha ile ile, nikaagiza fomu za karatasi, nikazichapa mwenyewe tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Jedwali nililionya kabla sijaweka hata herufi moja, na kila namba ikabaki na kistari chake. Mistari ile minne niliifuta. Aliyefanana na mwenzake nilimfuata kwenye karatasi, na mara mbili nilimfuata kijijini kwa miguu. Kwenye siku ya kwanza, juu kabisa, jina lile la bibi na mjukuu wa upande wa Shimoni lilikuwemo mara mbili. Moja miaka thelathini, kurudia kipimo. La pili halikuwa na umri. Upasuaji, macho yote mawili. Pakiti yake niliishika kwa mikono yangu, nikasoma jina, nikaitia sandukuni.

Karani alikuwa yule yule. Akaita.

"Abee," akaitika mjukuu, na akaja mlangoni na miwani yake ya mwaka uliopita usoni, peke yake.

Karani akamtia alama, akashuka mstari wa pili, akaita tena jina lile lile, kwa sauti ile ile nzuri. Mjukuu hakusogea. Karani akaita mara nyingine, na hapo akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso.

"Somo yangu hatunaye," akasema. "Alitutoka mwezi wa mfungo mosi."

Karani akasema inna lillahi. Wote tuliokuwa karibu tukaisema pamoja naye. Kisha, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na yeye ni mtu wa kazi, akachomoa kalamu yake sikioni, akaiweka juu ya ule mstari na kunigeukia.

"Huyu wa pili," akaniuliza, "nimfute?"

Nilimwambia amwache.